Kofia ya Mfano

Miaka minne na miezi mitatu kabla ya kura
Chambuso aliingia dukani kwangu, Barabara ya Kumi na Moja,
akarudishia mlango kama mwenye nyama ya wizi.
"Mwantumu, nishonee kofia. Moja tu. Ya mfano."
Jina likae wapi?
"Mbele. Lakini usiliandike."

Nimeshona Ngamiani miaka ishirini na sita:
majoho ya maharusi, sare za shule,
suruali za marehemu nikizipunguza zimfae mrithi.
Kofia ya jina lisiloandikwa sijapata kuishona.
Nikauliza kichwa cha nani, nikipime.
"Kichwa," akasema, "bado kinajadiliwa."

Kumbe mtaani lilishaanza.
Kwenye kahawa ya Mhina hawataji mtu,
chama kina kanuni, na kanuni ina masikio;
wanaongea mpira.
Kocha akistaafu, nani avae namba tisa?
Yule winga ana mbio, krosi hana.
Yule wa benchi, mtoto wa kepteni wa zamani,
mpira haujamgusa tayari anasomewa dua.
Na yule mama wa wizarani, beki, hapitiki.
"Lakini beki," asema Sekiete, akiguguna kashata,
"lini umemwona beki akachukua kiatu cha dhahabu?"
Mwanangu alikuwa pembeni, anasubiri chenji.
Akarudi kuniuliza Coastal inacheza na nani.

Wiki ya pili akaja mwanamume nisiyemjua,
viatu havijakanyaga tope letu.
Kofia. Ya mfano. Usiandike.
Wiki ya tatu, mwanamke wa miwani, maneno yale yale.
Nikazipanga tatu mezani,
kitambaa kimoja, uzi mmoja,
mbele tupu kama paji la mtoto mchanga.
Chambuso alipofuata yake akabeba zote.
Akalipia zote.
Nikamtazama.
"Dada, mvua haisemi itapiga upande gani.
Tega pipa kila pembe ya nyumba."

Halafu Ijumaa moja akaja mmoja wao, mwenyewe,
na koti la kupanuliwa.
Nikamzungushia futi kiunoni.
"Mimi sina nia," akasema.
Nilikuwa nimeuliza kama anataka inchi moja au mbili.
"Mheshimiwa, pumua."
Hakupumua.

Na juu ya cherehani yupo aliyepo,
ndani ya fremu, anatabasamu,
naye ana miaka yake bado mkononi.
Kila wakinong'ona naona haya,
kama jamaa wanaogawana viatu vya mgonjwa
kumbe mgonjwa kaenda msalani tu.
Mtaro wa mbele ya duka ulioahidiwa kura iliyopita
una vyura wa kizazi cha tatu.
Wanakata mbeleko, mimba yenyewe haijatunga.

Kitambaa kilibaki, robo mita.
Nikamshonea mwanangu kofia ya nne.
Huyu hakutaka mbele tupu, akang'ang'ania,
nikamtarizi kwa uzi mweupe: SHEKUE.
Akaivaa Jumatatu, akapita nayo kwa Mhina
akiendesha baiskeli ya baba yake, mguu ndani ya fremu.

Adhuhuri Chambuso alikuwa mlangoni, jasho linamtiririka.
"Huyu Shekue ni nani? Nani yuko nyuma yake?"
Nikasema, mimi.
Akacheka kidogo, akanyamaza, akatoa simu.

Alasiri Sekiete alikuwa keshamjua:
kijana, wa huku huku kwetu, hana makundi.
Magharibi alikuwa na watu Handeni, ana watu Lushoto.
Baada ya isha mtu aliyekuja kwa pikipiki
alitia bahasha chini ya mlango wangu,
ndani elfu hamsini na kikaratasi:
*Tukumbukwe.*

Shekue kalala, kofia imemfunika pua.
Daftari la hesabu liko wazi kifuani,
kugawanya kwa tarakimu mbili.
Amekwama swali la tatu.